Karatasi za nyayo: nilivyolea wanangu nikiwa jeshini

Askari wenzangu wenye watoto wadogo huniuliza nimewezaje. Mke na watoto wako Mikindani, mimi kikosi changu kiko mbali na Mtwara, na miaka inakwenda. Kila nikitaka kuwajibu, inabidi nianzie kwenye kosa langu la mwaka 2015.

Zuhura alikuwa na miaka sita. Likizo yangu ilikuwa imeshapitishwa, tiketi ya basi la kutoka Mbagala nimeshakata. Nikampigia simu nikamwambia, "Mwanangu, Idi hii tunakwenda kusali wote." Siku mbili kabla ya safari kazi ikatokea, likizo zikasimamishwa. Kwa hilo sina lawama. Ndiyo kazi niliyoapia. Linaloniuma ni kwamba nilimwachia mama yake ndiyo amwambie mtoto, na mtoto akakataa kusadiki. Alivaa gauni lake jipya akakaa barazani, tangu watu wanarudi kusali hadi majirani wanawasha taa. Kila bajaji iliyokata kona alinyanyuka. Mama Zuhura alinisimulia yote hayo taratibu, bila kunigombeza, kisha akasema: "Baba Zuhura, mtoto usimpe tena tarehe."

Tangu siku ile sijampa mtoto tarehe. Wakiniuliza nakuja lini, nawajibu kwa nilichonacho: leo tumekula maharage, huku kuna baridi, usiku nina lindo. Nilidhani wataona nawakwepa. Haikuwa hivyo. Salumu, mdogo wake, ananiuliza mpaka leo kama lindoni kuna mbu.

Sasa, sikukuu. Kwetu baba ndiye anayevalisha Idi, na mimi sikutaka kuwa baba wa kutuma hela tu. Hela unatuma kwa simu, dakika moja imefika, mtoto hajui hata imetoka kwa nani. Nikamwambia Mama Zuhura nguo anunue yeye, viatu aniachie mimi. Awachore watoto nyayo kwenye karatasi ya daftari, anitumie kwa kondakta wa basi.

Hili la kuchora nyayo lina ujuzi wake, nao nimeulipia. Mwishoni mwa mwaka 2016 nilijua naondoka kwenda Kongo, kwenye kikosi cha kulinda amani, upande wa Beni. Idi ingenikuta hukohuko. Kwa hiyo nikaingia Kariakoo mapema na karatasi ya Zuhura, nikachagua viatu vyeupe vya kamba, nikavituma nyumbani vifungiwe kabatini hadi Juni. Karatasi yenyewe ilishakuwa na miezi kadhaa. Juni 2017 mtoto akavaa. Akaenda uwanjani kusali na mjomba wake, akazunguka kwa majirani kusalimia, akarudi jioni anachechemea. Mama yake alipovua kile kiatu cha kulia akakuta kidole gumba kimejikunja, ngozi ya kisigino imebanduka. Akamuuliza, mbona hukusema? "Vya baba," alijibu.

Nilipata habari hiyo kwa ujumbe wa sauti, nimekaa juu ya sanduku la chuma, intaneti inakuja na kukatika. Niliusikiliza mara tatu.

Leo nafanya hivi. Mguu unachorwa jioni, maana asubuhi mguu ni mdogo. Mtoto asimame, uzito wote juu ya mguu, kalamu iwe wima isiingie chini ya unyayo. Tarehe iandikwe juu. Mimi naikata ile karatasi kwa mkasi na kuiingiza ndani ya kiatu dukani: ikijikunja, kiatu narudisha. Na mbele nabakiza upana wa kidole gumba changu. Karatasi iliyopita miezi miwili sinunulii tena.

Mwaka ule wa Kongo ulikuwa na mengine. Desemba 7, 2017 kambi ya Semuliki, ya walinda amani hukohuko Beni, ilishambuliwa na wenzetu wengi wakauawa. Mimi sikuwa Semuliki. Nyumbani hilo hawakulijua. Mama Zuhura alisikia redioni, akaizima, akawapeleka watoto kwa bibi yao, akarudi kukaa peke yake na simu. Nilipopata mtandao nilikuwa na maneno mengi, likatoka moja: "Nipo." Akasema, "Haya." Tukanyamaza wote wawili, simu iko hewani, mpaka ikakatika yenyewe. Sijui namna nzuri zaidi ya kulieleza jambo hilo, na watoto hatujawasimulia hadi leo.

Mwaka uliofuata, Novemba, Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya na kuzisafirisha. Mtwara ikajaa kombati. Malori ya jeshi, askari maghalani wanabeba magunia. Na mimi, mtoto wa Mtwara niliyekulia chini ya mikorosho, sikupangwa huko. Zuhura alikwenda mjini na mjomba wake aliyekuwa akifuatilia mzigo wake, akawaona. Alinyamaza njia nzima, kisha akamwacha mjomba, akamfuata askari mmoja aliyekuwa ameketi juu ya gunia anakunywa maji, akamwamkia, akamuuliza kama anamjua baba yake. Akamtajia jina.

Yule askari akamwambia, "Namjua. Amesema nikusalimie."

Mjomba mtu ndiye aliyenisimulia. Nimeulizia sana kwa wenzangu waliokwenda operesheni ile, sijampata. Kama ni wewe unayesoma hapa, ndugu yangu, Zuhura alirudi nyumbani akiimba. Na mimi nina deni kwako.

Likizo yenyewe ikija, haiangalii mwezi. Tuliwahi kujaribu kuifanya Idi yetu siku niliyofika, nguo zilezile, pilau lilelile. Mama mkwe akatukataza: Idi ina siku yake, msiichezee. Ana haki. Tukaibadilisha jina, ikawa Pilau la Baba, na sasa mtaa mzima unaijua. Tumewahi kulila Mfungo Tano, mwezi wa tano baada ya Ramadhani. Watoto wanavaa vya Idi, mimi navua kombati navaa kanzu, tunawapelekea majirani sahani, halafu jioni tunashuka ufukweni miguu mitupu. Mwaka 2024 lilichelewa, kwa sababu Kimbunga Hidaya kiliikata barabara Somanga mwanzoni mwa Mei, na mimi nilikuwa upande wa pili na likizo yangu mfukoni. Siku zikaliwa palepale. Nyumbani hakuna aliyelia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amepewa tarehe. Mama Zuhura alikuwa anaijua, akaendelea kuuweka mchele.

Likizo moja iliangukia Julai, nikampeleka Zuhura Naliendele siku ya Mashujaa, tarehe 25. Pale ndipo walipozikwa askari wetu waliofia Msumbiji. Nilitaka aone kazi ninayoifanya ina nini ndani yake. Nilijiandaa kumweleza habari za ukombozi, za Nachingwea walikofundishwa wapiganaji wa FRELIMO waliopigania uhuru wa Msumbiji, za Ruvuma tunayoiona kama mpaka na wengine wakaivuka wasirudi. Alisikiliza yote. Tukapita kwenye safu za makaburi, anasoma moja moja. Kisha akauliza, "Hawa, watoto wao walinunuliwa viatu na nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamshika mkono tukaendelea kusoma.

Sasa yeye ni binti mkubwa, ananitumia namba tu kwenye simu: "Baba, navaa 39." Salumu bado nachorewa. Karatasi yake ya mwaka huu imefika wiki iliyopita, imekunjwa ndani ya mfuko wa korosho. Kachora miguu yake yote miwili, tarehe kaandika mwenyewe, na pembeni kuna mguu wa tatu, mkubwa. Nikampigia mama yake kuuliza ni wa nani. Akasema ni wa kwangu: Salumu ameuchora kwa kile kiatu changu cha zamani kinachokaa nyuma ya mlango. Nimevua buti nikauweka mguu wangu juu yake. Kisigino kimepungua kidogo, vidole vimeenea.