Mwamuzi au Mgawanyi

Somo: Luka 12:13–21

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Yule mtu aliyepaza sauti katikati ya mkutano huwa namhurumia. Yesu alikuwa kwenye mambo mazito, habari za Roho Mtakatifu na za kumkiri Mwana wa Adamu mbele za watu, naye akadakia: "Mwalimu, mwambie ndugu yangu anigawie urithi wetu." Tunampita mbio na kumwita mchoyo. Lakini aliyewahi kukaa kikao cha ukoo baada ya matanga anajua kwamba mtu aweza kusimama mbele ya Yesu mwenyewe na akili yake ikawa bado iko shambani, inahesabu minazi.

Na jibu lilikuwepo. Kumbukumbu la Torati 21 inasema mzaliwa wa kwanza apewe mafungu mawili. Yesu angeweza kuitaja aya na kesi ikaisha pale pale. Badala yake akasema, "Mtu wewe, ni nani aliyeniweka mimi kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yenu?"

Wiki hii maneno hayo yamenipeleka mbali, hadi mji wa Fredericksburg, katika jimbo la Virginia, Marekani, mwezi Januari 1777. Marekani ilikuwa imejitangazia uhuru miezi sita tu iliyopita na vita vilikuwa vinaendelea. Watu watano walikutana hapo kupanga namna ya kuzipitia sheria zote za Virginia walizoachiwa na wafalme wa Uingereza. Suala la mirathi lilikuwa miongoni mwa ya kwanza. Kwa sheria ya zamani, mtu akifa bila wosia, ardhi yake yote ilikwenda kwa mwanawe mkubwa wa kiume. Wadogo zake na dada zake wangetafuta pa kujishikiza.

Thomas Jefferson, mmoja wa watano hao, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alitaka watoto wote wagawane sawa. Mwenzake Edmund Pendleton, mwanasheria mkongwe na mtetezi wa Kanisa la Kianglikana, alipenda ya zamani ibaki. Alipoona hatashinda akaikimbilia Torati: basi angalau tumpe mkubwa mafungu mawili, kama Waebrania. Jefferson mwenyewe anasimulia jibu alilompa. Kama mtoto mkubwa angekuwa anakula mara mbili ya wenzake, au anafanya kazi ya watu wawili, hapo tungesema maumbile yenyewe yanampa haki ya fungu la pili. Lakini tumbo lake ni moja na nguvu zake ni kama za wenzake, basi na fungu lake liwe moja.

Nilicheka peke yangu niliposoma. Hata hivyo simdharau Pendleton. Alifanya tunachofanya wengi wetu: kwanza aliamua, kisha akatafuta aya.

Bunge la Virginia lilipitisha sheria hiyo mwaka 1785. Asiyeacha wosia, watoto wake wagawane sawa, wa kiume na wa kike. Nikawakumbuka Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa waliosimama mbele ya Musa katika Hesabu 27. Wale walirithi kwa sababu baba yao hakuwa na mtoto wa kiume. Binti wa Virginia alirithi hata akiwa na kaka watano, ingawa akiolewa, mumewe ndiye aliyeishika ardhi ile. Hatua moja, basi.

Bunge lile lile, katika majira yale yale, lilikuwa na mzigo mwingine mezani: fedha za kanisa.

Virginia ya wakoloni ilikuwa na kanisa moja la serikali, la Kianglikana. Mshahara wa mchungaji uliwekwa na sheria, pauni 16,000 za tumbaku kwa mwaka, yaani zaidi ya kilo 7,000, na kila mwenye nyumba alitozwa sehemu yake, awe anaingia kanisa hilo au la. Mbaptisti alimlipa mchungaji ambaye hakuwahi kumsikiliza, huku mhubiri wake mwenyewe yuko gerezani kwa kosa la kuhubiri bila kibali. Kule Culpeper, Virginia, mhubiri wa Kibaptisti James Ireland alihubiri akiwa gerezani, kupitia dirisha lenye nondo, watu wamesimama nje.

Mwaka 1776 wasio Waanglikana wakaondolewa kodi hiyo. Lakini mwaka 1784 Patrick Henry, msemaji ambaye Virginia haikuwa na wa kumfikia, akaleta mswada uliosikika wa haki kabisa. Kila mtu alipe kodi ya dini, ila achague mwenyewe iende kwa walimu wa dhehebu gani la Kikristo. Nani angepinga? Vita vilikuwa vimeacha makanisa mengi hoi, na hata George Washington hakuona ubaya wa wazo lenyewe.

James Madison, mbunge wa Virginia, aliuona. Aliandika waraka wa kupinga, bila kuweka jina lake, ukasambazwa watu wautie sahihi. Hoja yake moja haijanitoka: serikali yenye uwezo wa kumlazimisha mtu atoe peni tatu tu kwa ajili ya dini, ina uwezo wa kumlazimisha mengine yote. Wabaptisti na Wapresbiteri nao walipeleka maombi yao bungeni, wengi wakisema kwa lugha ya imani kabisa kwamba Kristo hakuomba kodi. Mswada ukafa. Januari 1786 ikapita sheria ya uhuru wa dini aliyoiandika Jefferson, inayosema kumlazimisha mtu kuchangia fedha za kueneza mawazo asiyoyaamini ni dhambi na ni udhalimu. Jimbo la Massachusetts, kaskazini, waliendelea na kodi ya kanisa hadi 1833.

Nami nataka kukaa kidogo na mama mmoja wa kaskazini, kabla ya hayo yote. Elizabeth Backus, mjane wa Norwich, Connecticut, alikuwa wa kundi lililojitenga na kanisa la serikali, akakataa kulilipia kodi. Usiku mmoja wa Oktoba 1752 walimjia nyumbani. Alikuwa mgonjwa, amejifunika nguo nzito ili atoke jasho, anasoma Biblia. Wakamchukua hivyo hivyo. Alikaa gerezani siku 13. Kisha akamwandikia mwanawe Isaac, mhubiri, kwamba alitupwa katika tanuru amefungwa, akafunguliwa humo, akamkuta Yesu katikati ya moto.

Kodi ya kumtunza mhubiri wa Injili ndiyo iliyompeleka ndani.

Paulo anasema: "Kila mtu na atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni, wala si kwa lazima." Huwa tunaisoma kabla ya kuzungusha kikapu. Lakini nimewahi kukaa ibadani yakisomwa majina ya waliomaliza ahadi, na kisha, kwa sauti ile ile, ya wasiomaliza. Mama mmoja wa benchi la nyuma alitoka kabla ya baraka. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata. Hakuna polisi aliyemfuata usiku. Nami niliyekuwa nimemaliza ahadi yangu nilibaki nimekaa, na nakiri nilijisikia vizuri jina langu liliposomwa.

Baada ya kukataa kugawa, Yesu hakunyamaza. Aliwageukia wote: "Angalieni, jilindeni na choyo." Halafu akasimulia habari za tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana, akaulizwa usiku ule: "Na vitu ulivyojiwekea tayari vitakuwa vya nani?"

Jefferson alikufa tarehe 4 Julai 1826. Aliagiza kaburi lake, pale mlimani Monticello, litaje mambo matatu tu, na sheria ya uhuru wa dini ni mojawapo. Aliacha deni la zaidi ya dola 100,000. Januari 1827, katika mlima huo huo, mali yake ikapigwa mnada. Tangazo lilitaja mifugo, vyombo, samani, na watumwa 130. Mume alikwenda huku, mke kule, mtoto kwa aliyetaja bei ya juu, ili wadai walipwe. Waligawanywa kwa kufuata sheria.