"Get" moja na kiza cha Mkunazini

Mei 2008 umeme ulikatika Unguja nzima, na haukurudi karibu mwezi mzima. Hitilafu ilikuwa upande wa Fumba, pale unapoibukia waya unaoleta umeme kutoka bara kwa chini ya bahari. Pampu hazikusukuma maji, jenereta zilinguruma milangoni mwa wenye uwezo, na vichochoro vya Mji Mkongwe, ambavyo hata penye taa humzungusha mtu, vikawa kiza totoro.

Nilikuwa kijana wa miaka 20, nimetoka Wete na cheti changu cha kidato cha nne, nakaa mapokezi kwenye nyumba ndogo ya wageni huko Mkunazini. Bi Mkubwa mwenye nyumba alinichukua kwa kuwa nilimwambia najua Kiingereza. Na nilikijua, kwa namna yangu. Nilikuwa na daftari. Ukurasa mzima ulikuwa wa "get" peke yake, na juu yake nimeandika kwa wino mwekundu: get = pata.

Ufunguo huo ulinifungulia milango mingi. "Get a job", pata kazi. "Get a letter", pata barua. "Get a chance", pata nafasi. Neno linalofuata likiwa ni jina la kitu, sikukwama hata mara moja. Yaliyofuatiwa na sifa ndiyo yaliyonitoa jasho. "Get old" nikalifanya pata uzee, likapita. "Get fat" nikaandika pata mafuta, na nakumbuka nilijiuliza kwa nini jambo dogo vile limetiwa kitabuni. Kwenye "get lost" nikaandika pata kupotea, nikajitilia alama ya vema.

Jioni moja, baada ya Magharibi, aliteremka ngazi bibi wa Kizungu, mwalimu mstaafu kutoka Uskoti, kijitochi mkononi. Alikuwa peke yake na alitaka kwenda Shangani kwa miguu, kutafuta pa kula, maana Forodhani siku zile palikuwa pamezungushiwa uzio kwa matengenezo. Akaniuliza kama njia ni nyepesi. Nilichotaka kumwambia ni hiki: kuna kiza, utapotea, ngoja nikutafutie mtu wa kukupeleka. Nikafunua daftari langu kichwani, nikachagua.

"Madam," nikasema, huku natabasamu kama Bi Mkubwa alivyonifunza, "it is dark. Please, get lost."

Alinitazama. Ufunguo wake, ambao tuliufungia kigogo cha mti ili wageni wasiondoke nao, akauweka juu ya meza polepole kama anayeweka yai, akatoka. Mimi nikajisemea kwamba ushauri kauelewa, ila ni mkaidi.

Barazani nje alikuwapo papasi mmoja, katika wale wanaosubiri wageni bandarini boti zikifika. Alikuwa amesikia yote. Alicheka mpaka akajilaza kwenye saruji.

"Umemwambia nini mgeni wa watu?"

"Nimemwambia atapotea."

"Atapotea wapi! Umemwambia akuondokee, apotelee mbali! Mimi naambiwa hilo kila siku ya Mungu. Leo anaambiwa mgeni na mwenyeji wake, tena kwa adabu, na 'please' juu!"

Kiingereza cha yule bwana hakikupita shuleni. Alikisomea kwenye kufukuzwa, na katika somo hilo alinizidi mbali.

"Kuna nini huko chini?" Bi Mkubwa akaita kutoka juu.

"Hakuna kitu, Bi Mkubwa."

Papasi akachukua tochi yake, akamfuata yule bibi bila kutumwa na bila kuuliza malipo. Deni hilo sijamlipa hadi leo.

Walirudi saa nne kasoro. Bibi alikuwa ametokea Darajani, upande wa pili kabisa wa alikokusudia. Akasimama mbele ya meza yangu, paji la uso likimetameta jasho, akasema, "Well. I got lost."

Mwili ulinifa ganzi. Maneno yaleyale! Lakini kinywani mwake hayakuwa tusi, yalikuwa habari tu. Yalikuwa na mwenyewe mbele yake, "I", na wakati uliopita. Mimi nilimpa yakiwa uchi, bila mwenyewe, na neno la kitendo likiachwa hivyo kwa Kiingereza huwa amri. Laiti ningetanguliza "you will", angenishukuru.

Nikamwomba radhi, na kwa kuwa sikuwa na njia nyingine ya kujieleza, nikamwonyesha daftari. Akalisoma kwa mwanga wa chemli, mimi nikimtafsiria. Alipofika kwenye mafuta akavua miwani, akafuta machozi ya kicheko. Kisha akaomba kalamu, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Huku majina: hapa "get" ni kupata kweli. Kule sifa: hapa ni kuingia katika hali ambayo hukuwa nayo.

"Na nyinyi," akauliza, "mnasemaje 'I got lost'?"

"Nilipotea."

"Get iko wapi?"

Nikaitafuta. Haikuwapo. Zeeka, nenepa, lewa, potea: kwetu neno lenyewe ndilo linalokwenda, halihitaji wa kulibeba. Akasema basi nimpe "I'm getting tired". Ninachoka. Na "I am tired"? Nimechoka.

"Neno lile lile?"

"Lile lile. Kinachobadilika ni hiki kidogo cha katikati."

Nami nilikuwa nakiona kwa mara ya kwanza. Miaka 20 nimekuwa nikichoka na kulalamika kwa Kiswahili, na sikuwahi kugundua kwamba "na" ni mtu yumo njiani na "me" ni mtu keshafika. Bibi akaandika zote mbili nyuma ya risiti yake, "na" juu, "me" chini, akapiga mshale kati yao.

Jenereta ilikuwa imezimwa zamani, na chemli nayo ilianza kutoa moshi. Akanyoosha mkono kuchukua ufunguo na kigogo chake.

"Nina..." akaanza, akasita, akaisogeza risiti kwenye mwanga. "Nimechoka."

Akapanda ngazi.