Unauza nini, mwanangu?

Mama yangu ana miaka 79, na kila nikimpigia simu huuliza mambo matatu kwa mpangilio uleule: watoto wazima? mkeo mzima? kazi inaendaje? Machi 2017 nilipoacha ajira nilimwambia kwamba sasa najitegemea, nafanya biashara kwenye soko la fedha. Akanyamaza kidogo. "Unauza nini, mwanangu?" Nikasema nanunua na kuuza. "Ndiyo, lakini unauza nini?" Nikasema nauza bei. Akanijibu kwamba bei haiuzwi, kinachouzwa ni kitu.

Nilikata simu nikijiambia kwamba mambo haya ni mageni kwake. Leo naona swali lake lilikuwa la mtu aliyeelewa vizuri kuliko mimi niliyekuwa nikijibu.

Ninaishi Coventry, Uingereza, na kwa miaka kadhaa riziki yangu imetoka kwenye kubeti kwa spredi. Kampuni inakuwekea bei mbili za kitu kimoja, ya kuuzia na ya kununulia, na nafasi iliyo katikati ndiyo spredi. Chukua FTSE 100, faharasa ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London. Tuseme iko 8,199.5 kwa 8,200.5. Ukiamini itapanda, unanunua kwa 8,200.5 na kuweka £5 kwa kila pointi. Ikifika 8,240 unafunga, umepata pointi 39.5, yaani £197.50. Ikishuka kiasi hicho, unalipa wewe. Hisa hata moja hukuinunua. Beti yenyewe ina thamani ya zaidi ya £41,000, lakini mfukoni unatakiwa kuwa na dhamana ya asilimia 5 tu, kama £2,050. Utamu wote uko hapo, na wanaozama wanazamia hapo.

Biashara hii ilianza na dhahabu. Mwaka 1974 Stuart Wheeler, aliyekuwa wakili kisha akafanya kazi benki, alianzisha IG Index mjini London. Sheria za fedha za wakati ule zilifanya iwe vigumu na ghali kwa Mwingereza wa kawaida kununua dhahabu, basi yeye akawapa watu njia ya kubeti juu ya bei yake bila kuigusa. Yaani tangu siku ya kwanza swali la mama lilikuwepo mezani: hakuna kitu kinachohama mkono.

Niseme wazi kuhusu hiyo riziki, kwa sababu vijana hunitafuta wakidhani nimepata kisima. Nilianza 2012 nikiwa bado mhasibu wa kampuni ya vifaa vya ujenzi, nikibeti usiku na wakati wa mapumziko ya mchana. Miaka miwili ya kwanza nilipoteza £7,300. Baada ya kuacha kazi, mwaka wangu mzuri kuliko yote ulikuwa 2020, £46,000, na karibu nusu ya hizo zilitoka mwezi mmoja wa Machi, mwezi ambao FTSE 100 ilianguka karibu asilimia 11 kwa siku moja, tarehe 12. Mwaka 2021 nilipata £9,800. Mwaka 2023 nilimaliza nikiwa nimepoteza £3,200. Nyumba yetu haijawahi kulipiwa na kazi ya aina hiyo. Inalipiwa na mshahara wa mke wangu, ambaye ni muuguzi, na mshahara huo haujawahi hata mwezi mmoja kuja na alama ya kutoa. Anayesema anaishi kwa kubeti, muulize kwanza nani analipa kodi ya nyumba mwezi mbaya ukifika.

Kazi yenyewe haina mengi ya kusimulia. Soko linafunguliwa saa mbili asubuhi, linafungwa saa kumi na nusu jioni, na saa nyingi kati ya hizo nakaa bila kufanya kitu, nikingoja. Sihatarishi zaidi ya asilimia 1 ya akaunti kwenye beti moja. Katika kila beti 100 zangu, kama 43 ndizo hushinda. Nyingine hufungwa mapema na stopu, yaani agizo la kufunga beti yenyewe bei ikifika pabaya. Ni uvumilivu wa kupoteza kidogo kidogo. Basi.

Kinachoninyima usingizi ni kingine.

Hapa Uingereza faida ya spredi haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji, wala hulipi ule ushuru wa asilimia 0.5 wanaolipa wanunuzi wa hisa. Sababu yake ni kwamba kisheria hii ni kamari, na mcheza kamari hahesabiwi kuwa mfanyabiashara. Mwaka 1925, katika kesi ya Graham na Green, watu wa kodi walimfuata bwana aliyekuwa akiishi kwa kubeti farasi kutoka nyumbani kwake. Jaji Rowlatt alikataa. Kwa maoni yake, mtu kubeti, hata kama ndiyo njia yake ya kuishi, si kufanya biashara. Mfanyabiashara ni yule aliyejipanga kupokea dau za watu. Niliposoma hukumu hiyo nilimkumbuka mama. Yeye na jaji wa London wa miaka mia iliyopita wamefika mahali pamoja.

Upande wa kampuni, serikali inachukua asilimia 3 ya kile kinachobaki mkononi mwake kwenye beti za fedha baada ya kuwalipa washindi. Tafakari kodi hiyo inahesabiwa juu ya nini: ni juu ya kilichoachwa na walioshindwa.

Nilipokuwa mgeni niliiona kampuni kama dalali. Dalali anakukutanisha na muuzaji, anachukua ushuru wake, anaondoka. Hawa si madalali. Ukinunua, wao ndio waliokuuzia. Ukishinda, wao ndio wanaolipa. Na hawalipi kutoka hewani. Wanawaweka wateja kwenye mizani: huyu amenunua pauni, yule ameuza, basi hasara ya mmoja inalipa faida ya mwingine, na uzito unaozidi upande mmoja, wakiona ni mkubwa, wanaukinga kwenye soko halisi, yaani wananunua au kuuza kule wenyewe. Zaidi ya hapo wana spredi, na wana riba wanayokutoza beti ikilala usiku. Mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilipotangaza masharti yake mwaka 2018 ilisema kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida kwenye mikataba ya namna hii hupoteza. Tangu hapo kila kampuni inalazimika kuandika asilimia yake kwenye tangazo. Wengi wanausoma mstari huo kama onyo. Mimi nausoma kama orodha ya waajiri wangu.

Nina sababu ya kusema hivyo.

Mwaka 2016 kampuni niliyokuwa nikiitumia ilikuwa na utaratibu wa kumleta rafiki: akifungua akaunti, unapewa £100. Nilimleta jirani yangu, dereva wa basi, mtu makini, wa kwanza kufika msikitini na wa mwisho kuondoka. Aliniona natoka na pesa, akaniomba nimwelekeze. Nikakaa naye jioni mbili mezani kwetu, mke wangu akatutengenezea chai. Aliweka £1,500. Baadaye, bila kuniambia, akaongeza £1,900 za mkopo.

Usiku wa tarehe 23 Juni Waingereza walikuwa wamepiga kura kuhusu kubaki au kutoka Umoja wa Ulaya. Vituo vilipofungwa saa nne usiku, pauni ilipanda hadi karibu dola 1.50, maana wengi waliamini nchi itabaki. Jirani yangu akanunua kwa 1.4950, £8 kwa pointi, na pointi ni ile namba ya nne baada ya nukta. Baada ya saa sita matokeo ya Sunderland, mji wa kaskazini mashariki mwa Uingereza, yakatoka, watu wametaka kutoka kwa kishindo, na pauni ikaanguka kama jiwe kisimani. Bei ilikuwa ikiruka, haishuki kwa ngazi. Beti yake ilifungwa kwa 1.4340. Pointi 610, mara 8, £4,880. Alikuwa na £3,400. Wakati ule hapakuwa na sheria ya kumkinga mteja wa kawaida asipoteze zaidi ya alichoweka, kwa hiyo alilala na akaunti na kuamka na deni la £1,480.

Mimi usiku huohuo, kwenye kampuni hiyohiyo, nilikuwa nimeuza, yaani nimebeti kwamba pauni itashuka. Kwa 1.4880, £2 kwa pointi. Nilifunga asubuhi kwa 1.3700 nikapata £2,360.

Sikujua kwamba amenunua. Yeye hakujua kwamba nimeuza. Kama pesa zake ndizo zilizolipa zangu, hakuna anayeweza kusema, kwa sababu kwenye mizani ya kampuni pauni hazina majina. Lakini nilikuwa upande mmoja wa ukuta nikifurahi, na yeye upande wa pili amekaa gizani akiogopa kumwamsha mkewe. Na mwenye £100 za kumwingiza alikuwa mimi.

Nilimpelekea bahasha ya £1,480. Alikataa kuichukua kama zawadi, akaichukua kama deni, akanilipa £40 kila mwezi, miezi 37, hadi Septemba 2019. Hajawahi kunilaumu kwa neno lolote. Tukionana ananiuliza watoto.

Wenzangu wa kazi hii wana majibu yao, nami nimeyatumia yote. La kwanza, kwamba wale ni watu wazima na walisoma onyo. Kweli, lakini jirani yangu hakusoma onyo, alinisoma mimi. La pili, kwamba wachuuzi wa bei kama sisi tunalisaidia soko, kwamba mkulima au mwagizaji anayetaka kufunga bei ya msimu ujao anahitaji mtu wa kubeba hatari hiyo. Kwenye soko halisi la mikataba ya mbele hilo ni kweli na naliheshimu. Ila beti yangu ya £5 ikikutana na beti ya dereva wa basi ndani ya kompyuta ya kampuni, hakuna mkulima aliyesaidika.

La tatu, kwamba soko lingeanguka hata bila sisi, ndilo gumu. Septemba 2022 serikali ya Liz Truss, waziri mkuu wa wakati ule, ilitangaza punguzo kubwa la kodi bila kuonyesha litalipwa na nini. Ilikuwa Ijumaa tarehe 23. Niliuza pauni kwa dola 1.1170, £12 kwa pointi, na usiku wa kuamkia Jumatatu ilianguka hadi karibu 1.03, chini kuliko wakati wowote katika historia yake. Nilifunga kwa 1.0590. £6,960. Wiki hiyohiyo benki zilianza kuondoa mikopo ya nyumba waliyokuwa wameitangaza, na Oktoba riba ya mkopo wa miaka miwili ikapita asilimia 6. Mke wangu alirudi zamu ya usiku akanisimulia mwenzake wodini ambaye mkataba wake wa mkopo wa nyumba ulikuwa unaisha Novemba. Malipo yake yangepanda kutoka £640 hadi zaidi ya £1,000 kwa mwezi. Sikuwa nimemwambia bado nilichopata. Nilimwambia. Akavua viatu, akakaa, akasema, "Kwa hiyo sisi tumekula."

Nilijitetea kwamba soko lingeanguka bila mimi, na ni kweli, £12 zangu hazikusogeza chochote. Kama zilifika sokoni, zilikuwa tone katika kuisukuma pauni. Kama hazikufika, basi zilimla mteja mwingine. Nimelizungusha kichwani mara nyingi na sijapata mlango wa tatu.

Sijaacha kabisa, na sitadanganya kwamba nimeacha. Sifundishi mtu, hata wa damu yangu. Mpwa wangu ameniomba mara tatu na mara tatu nimemwambia hapana bila kumzungusha. Simleti mtu kwenye kampuni yoyote. Wataalamu wa dini niliowauliza hapa hawakusitasita: kubeti kitu usichokimiliki ni kamari, na ile tozo ya usiku ni riba. Kuzifunga beti jioni kunaondoa la pili. La kwanza linabaki palepale.

Mama hakuwahi kupokea pesa zangu za soko. Aliniambia mapema, kwa upole, nisimtumie. Miaka yote hiyo alichopokea kilitoka kwenye akaunti ya mke wangu, na kila mara alimpigia yeye kushukuru.

Januari 2024 nilirudi kwenye uhasibu, siku tatu kwa wiki, ofisi ndogo karibu na stesheni. Mshahara wa kwanza ulipoingia nikamtumia £150. Akapiga simu hata kabla sijatoka kazini. Akauliza kama ni za pale ofisini. Nikasema ndiyo. Akauliza tena, ni mshahara? Nikasema ni mshahara, mama. "Haya, nimepokea," akasema, kisha akauliza watoto.