Ulipitishwa

Huu ni usiku wa nne nakosa usingizi kwa sababu ya neno moja. Dada ameposwa, ofisi imetuhamishia ghorofa ya juu, na mambo yote mawili nimeyapokea nusunusu, maana akili yangu haijatoka kwenye uwanja wa mazoezi ya kuendesha gari. Bado nimekaa kwenye kiti cha dereva, mkanda umenibana, injini inapoa, mwalimu yuko pembeni yangu kashika kofia yake ya kinga mapajani.

"Kaka," aliniambia, "kona ya nne hukupita. Ulipitishwa."

"Nimepitishwa na nani?"

Hakujibu kwa mdomo. Alinyoosha kidole akagusa dashibodi, pale penye kile kitaa cha njano chenye mchoro wa gari na mistari miwili ya kupindapinda nyuma yake.

Hakuwa na kejeli hata chembe. Angekuwa nayo, ningemkasirikia na mambo yangeisha jioni ileile. Alisema kwa upole, kama mtu anayekuambia kifungo cha shati lako kimefunguka, kisha akashuka kwenda kumwangalia mwanafunzi mwingine. Mimi nikabaki na lile neno.

Mnaonifuata hapa tangu nilipokinunua kile kigari chekundu mnajua nilivyokuwa nikiisifia kona ya nne. Inakunja kulia, inaanza pana halafu inabana, na kila mara nilipotoka upande wa pili nilihisi mikono yangu imefanya kazi safi. Kumbe mambo yalikuwa hivi. Naingia na mwendo uliozidi kidogo, kona inabana, woga unanishika, naachia mafuta ghafla. Nikiachia, uzito wa gari unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanabaki mepesi, mshiko wake unapungua, na mkia unaanza kutoka nje kuelekea kushoto. Hapo ndipo mfumo wa uthabiti, ule wa kielektroniki unaozuia gari lisiteleze na kukiwasha kile kitaa unapofanya kazi, unapoingia: unashika breki ya gurudumu moja tu, la mbele kushoto, pua ya gari inavutwa kurudi nje, mkia unatulia. Yote hayo yanakwisha kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Mimi nilichokuwa nakisikia ni gari "kukaa vizuri", nikajipa sifa.

Gurudumu moja tu. Hilo limenikaa kooni. Mimi nina pedali moja ya breki, nikiikanyaga yanashikwa magurudumu yote manne. Hata ningekuwa bingwa wa dunia, nisingeweza kwa mguu wangu kushika la mbele kushoto peke yake na kuyaacha matatu yaendelee kuviringika. Mfumo unaweza. Unasoma pembe ya usukani ujue dereva anataka kwenda wapi, unasoma kasi ya kila gurudumu na jinsi bodi linavyojizungusha, halafu unalinganisha, mara 25 kwa sekunde kwa mujibu wa Bosch, waliouleta sokoni mwaka 1995 pamoja na Mercedes-Benz. Miaka miwili baadaye ile A-Class ndogo ilipinduka kule Sweden katika jaribio la kukwepa kikwazo cha ghafla, na baada ya hapo Mercedes-Benz wakaamua kuufunga mfumo huu kwenye kila A-Class. Leo Ulaya na Marekani gari jipya la abiria haliuzwi bila huo mfumo. Nayajua haya tangu zamani. Nimeyaandika hapahapa. Sikujua tu kwamba yalikuwa yananihusu.

Alhamisi nilirudi. Nikamwomba mwalimu anipeleke kwenye duara la maji, ile sehemu tambarare inayomwagiwa maji ili mtu ateleze kwa mwendo mdogo bila kugonga kitu. Nikabonyeza kitufe. Wengi hukibonyeza mara moja wakadhani wameuzima mfumo wote, kumbe kwenye magari mengi, hili langu likiwamo, wameondoa ule ulinzi wa magurudumu kuzunguka bure wakati wa kuchapua tu; breki za kukuokoa bado zipo. Lazima ukishikilie sekunde kadhaa mpaka maandishi ya kuzimwa yatokee. Yakatokea. Tumbo likanicheza.

Mara ya kwanza nilizunguka kabla mshale haujafika 50. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu niliuwahi mkia, nikakata usukani upande ulikotelezea, nikafurahi, nikachelewa kuurudisha, na matairi yaliposhika tena gari likanichapa upande wa pili kwa nguvu kuliko mwanzo.

"Unalishukuru mapema mno," mwalimu akasema. "Rudisha mikono kabla halijanyooka."

Kabla halijanyooka! Mtu unawezaje kurudisha usukani wakati macho yanaona gari bado limepinda? Lakini ndivyo ilivyo. Unalisikia kiunoni kwanza, ule mvuto wa pembeni unaanza kulegea, na mikono inatakiwa ianze safari ya kurudi hapohapo. Macho yanabaki kule unakotaka kwenda. Nilifanya labda mara ishirini na kitu. Tatu za mwisho zilikuwa zangu. Zilikuwa mbaya, za kutapatapa, lakini zilikuwa zangu, na nilitokwa na kelele ndani ya kofia.

Kisha tukauwasha mfumo, tukarudi kwenye mzunguko. Kona ya nne nilipunguza mwendo mapema, nikaushikilia mguu wa mafuta palepale bila kuuachia, na kitaa hakikuwaka. Kikawaka kona ya sita, ambayo wala sikuwa nimeishuku.

Kwa walioniuliza kwenye ujumbe: hapana, barabarani siuzimi. Duara la maji halina mtoto anayevuka, halina lori linalokuja, halina mafuta yaliyomwagika nyuma ya kilima. Na anayesema dereva hodari hauhitaji anieleze kwanza ana pedali ngapi za breki. Wenyewe hauongezi mshiko hata kidogo; ukiingia kona kwa mwendo ambao matairi hayauwezi, mtatoka nje pamoja. Lakini pale ambapo bado kuna mshiko wa kuokoa, naomba uwepo.

Nimeandika yote haya ili nifike hapa. Wakongwe wa ukurasa huu mnakumbuka ile habari ya usiku wa mvua, mimi na mama watoto tukirudi kutoka kumwona mama. Niliandika kwamba tulikuta maji yametanda kwenye kona, mkia ukaondoka, na "nikalidaka". Mlinipongeza wengi. Tangu lile neno la mwalimu nimekuwa nikiurudia usiku ule, na kila nikiurudia nakosa mahali ambapo mikono yangu ilifanya kitu. Naikumbuka hofu. Naukumbuka mngurumo mfupi chini ya miguu, kama mtu anayekwaruza bati, na injini kukata nguvu ilhali mguu wangu ulikuwa palepale. Usukani siukumbuki kuugeuza. Sikulidaka. Nilidakwa, na mke wangu akadakwa pamoja nami.

Jana usiku nilimwambia. Nilimweleza yote, kitaa, gurudumu moja, duara la maji, nikamwomba msamaha kwa kujivika sifa isiyo yangu mbele yake na mbele ya watu. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja mpaka nikamaliza.

"Kitaa nilikiona," akasema.

"Usiku ule?"

"Usiku uleule. Kiliwaka mara tatu nne. Ulikuwa unatetemeka, baba. Ningekwambia ili iweje?"

Miaka miwili amekaa na hilo. Sikujua niseme nini, nikachukua shuka upande wa pili tukalikunja pamoja. Nafikiri sijawahi kumpenda kama dakika ile, na leo asubuhi kazini nilijikuta natabasamu peke yangu kwenye ngazi, mara ya kwanza wiki hii.

Ila kuna jambo nimeliona jioni hii wakati wa kazi za shule. Yule mtoto wetu mdogo anashika kitabu karibu kabisa na pua. Nilimwomba akisogeze, akakisogeza, kisha kidogokidogo kikarudi. Nikamwonyesha saa iliyo ukutani, akasema ni saa mbili. Ilikuwa saa mbili kweli, lakini alikunja uso kwanza, akakisia. Jumatatu nitaomba ruhusa nimpeleke akapimwe.