Kloridi ilitangulia maji

Wiki hii nimerudia hesabu za tabaka la udongo wa mfinyanzi lenye unene wa mita 1 chini ya dampo, na matokeo yake bado yananikaa moyoni. Mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri hupitisha maji polepole mno, kiasi kwamba, vinyweleo, yaani nafasi ndogo kati ya chembe za udongo, vikiwa asilimia 40 ya ujazo na maji yakishuka kwa uzito wake tu, tone huhitaji karibu miaka 13 kufika chini. Rasimu yangu ya kwanza iliishia hapo, nami nikaridhika.

Nilipoongeza mwendo wa kloridi yenyewe, sehemu ya chumvi iliyoyeyuka katika maji ya dampo, ambayo husambaa kutoka penye chumvi nyingi kwenda penye chumvi kidogo hata maji yakiwa yametulia, modeli ilionyesha kwamba kufikia mwaka wa 5 ukali wa kloridi chini ya tabaka ulikuwa umeshafika takriban sehemu moja ya kumi ya ule wa juu yake. Maabara nayo ilikubaliana: silinda ya udongo tuliyoikata kwa waya, vipande vya sentimita 1, vya kijivu na baridi kiganjani, ilikuwa na chumvi hata pale ambapo maji yetu yalikuwa hayajafika.

Ripoti nimeiandika upya, na kisima cha majirani sasa kimo ndani ya hesabu.