Seva mbili hazitimizi akidi

Aliyewahi kukaa kikao cha chama cha msingi anajua kwamba akidi isipotimia, hakuna maamuzi. Klasta ya seva, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja, nayo ni hivyo. Kura tatu, akidi mbili. Kura tano, akidi tatu. Ukiwa na kura mbili akidi ni zote mbili, kwa hiyo ikizimika moja, iliyobaki inakaa tu.

Corosync, programu inayoziunganisha seva na kuhesabu kura zao, ina mpangilio wa two_node unaoiruhusu iliyobaki kuendelea. Usiutegemee peke yake. Kebo kati ya seva ikikatika, zote zi hai na kila moja inaamini mwenzake kafa. Mfano, ghala la korosho linalotumia seva hizo linaendelea kupokea magunia, na namba moja ya stakabadhi inatolewa kwa wakulima wawili. Kuzirekebisha data hizo ni kazi ya mkono, karatasi kwa karatasi.

Ongeza kura ya tatu: kompyuta ndogo yenye corosync-qnetd (programu inayotoa kura hiyo), bandari ya mtandao TCP 5403. Haihifadhi data. Seva zikiwa Mtwara mjini, yenyewe iweke Lindi, kwa sababu inavumilia mtandao wa polepole. Seva zenyewe usizitenganishe namna hiyo. Corosync inataka majibu ya milisekunde chache.

Kinachoangusha wengi ni seva kumzima mwenzake kwa nguvu, ili zisiandike data zote mbili. Seva A ikikosa umeme kabisa, B inaiamuru IPMI ya A (kifaa kidogo ndani ya seva cha kuizima kwa mbali) iizime. Lakini IPMI inakula umeme wa A hiyohiyo, haijibu, na Pacemaker, programu inayohamisha huduma kati ya seva, haihamishi huduma mpaka kuzimwa kuthibitike. B ni nzima, huduma imelala. Dawa yake ni ngazi ya pili: PDU (kigawa umeme chenye soketi) inayoamrishika kwa mtandao, yenye UPS (betri ya akiba) yake. Seva ikiwa na pawa saplai mbili, soketi zote mbili zizimwe kwanza ndipo yoyote iwashwe. Vinginevyo seva haizimiki hata sekunde moja. Swichi nayo iwe kwenye UPS.

Jaribu Septemba, kabla ya minada ya korosho ya Oktoba, kwa kuchomoa nyaya za umeme za seva inayofanya kazi. Kuisimamisha kwa amri hakupimi kitu, maana inaaga vizuri. Pawa saplai na diski za akiba ziwe kabatini Mtwara: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga.