Ile "ka!" ya kwenye kanda ya baba

Jumapili, usiku

Nimeshinda na John Denver, yule mwimbaji wa Marekani, tangu mchana. Nilimweka anisindikize kufua, nguo zikaisha, zikakauka, zimeanuliwa, yeye bado anaimba.

Nyimbo hizi nilizikulia kwenye kanda. Baba aliirekodi kutoka kwenye santuri ya rafiki yake, na katikati ya Sunshine on My Shoulders kuna mahali aligusa kitufe kimakosa. Unasikia "ka!", halafu kimya cha pumzi moja, halafu gitaa linarudi likiwa limeruka maneno kama mawili hivi. Kanda yenyewe ilikatika, ikaungwa kwa kipande cha selotepu, ikakatika tena, hatimaye ikazikwa kwenye droo. Leo nasikiliza kwenye simu, wimbo safi hauna hata mkwaruzo, lakini nikikaribia pale mabega yanajikaza yenyewe yakiisubiri ile "ka!". Haiji. Najiona kama niliyepunjwa.

Albamu ni John Denver's Greatest Hits, nyimbo 11, ya mwaka 1973. Miaka yote hiyo sikuwahi kulihoji jina lake. Wiki hii ndiyo nimekaa nikahesabu, na nikacheka peke yangu. Ilipotoka, Novemba, ni nyimbo mbili tu alizokuwa ameziingiza kumi bora ya Marekani kwa sauti yake mwenyewe: Take Me Home, Country Roads, uliofika namba 2 mwaka 1971, na Rocky Mountain High, uliofika namba 9 mapema mwaka huohuo wa 1973. Leaving on a Jet Plane ulishika namba 1 mwaka 1969, sawa, ni utungo wake, ila walioupandisha ni kundi la Peter, Paul and Mary. Na huo wa "ka!" ulikuja kuongoza chati Machi 1974, albamu ikiwa madukani tayari. Yaani kijana wa miaka 29, mwenye vibao viwili na kimoja cha kuazimisha, anawatangazia watu kwamba hivi hapa vibao vyake vikuu! Na watu wakaitika. Mwaka 1974 mkusanyiko wenyewe ukakaa namba 1.

Lakini si hilo lililoninyima usingizi. Nimegundua kwamba nyimbo kadhaa za mle si zile za mwanzo. Hakuchukua rekodi za zamani akazipanga tu kama wafanyavyo wengi. Aliona ameiva kuliko alivyokuwa alipoziimba mara ya kwanza, akarudi studio akaziimba upya. Mmojawapo ni Leaving on a Jet Plane, wimbo ambao ningeapa naujua kuliko jina langu. Kumbe niliyemjua ni mdogo wake.

Historia ya wimbo huu ni ndefu. Aliutunga mwaka 1966 akiuita Babe, I Hate to Go, akauweka kwenye santuri aliyoitengeneza kwa pesa zake, nakala kama 250 hivi, akagawia marafiki na jamaa wakati wa Krismasi. Milt Okun, mtayarishaji wake, ndiye aliyemshawishi abadilishe jina. Peter, Paul and Mary wakaurekodi. Denver naye akauimba kwenye albamu yake ya 1969, akiwa na miaka 25. Miaka minne baadaye, huu wa kwenye kanda ya baba.

Jana usiku niliweka huu, nikaweka ule, nikarudia, na headphone masikioni. Wa 1969 sauti ni mbichi. Anaimba kama mtu anayetaka umwamini. Wa 1973 hana haja hiyo tena. Anayaacha maneno yajiendee, hata pale anapovuta pumzi hana haraka. Ni ajabu kidogo, kwa sababu maneno ni ya mtu aliyesimama mlangoni na mizigo yake, gari linamsubiri nje, na ukifikiria vizuri huyo ndiye anayepaswa kuwa na papara. Kwa hiyo yule mbichi yuko karibu zaidi na hali yenyewe. Nakiri hivyo, na bado napenda wa pili. Sikio halifuati hoja.

Kilichonigusa ni kwamba mimi nina madaftari tisa ya shajara chini ya kitanda, na mwaka juzi nilianza kuyanakili upya, nikirekebisha. Sentensi za utoto nikazifuta. Mahali nilipomlilia mtu kwa kurasa nne nikapabana pakawa aya moja yenye heshima zake. Nikajisifu kwamba sasa naandika vizuri. Nilifika daftari la tatu nikaacha, sikujua kwa nini. Denver angalau hakufuta za kwanza. Zipo, anayetaka anazipata. Mimi lile daftari la kwanza nililichana kurasa.

(Sitaki kulisema zaidi hilo.)

Country Roads nimeuruka leo, nimeuchoka, umeimbwa kila harusi na kila safari ya basi. Ila huwa nafurahi nikikumbuka kwamba Bill Danoff na Taffy Nivert, walioutunga pamoja naye, walipouanza walikuwa wanaendesha gari Maryland, wala si West Virginia inayosifiwa humo. Na mwaka 2014 jimbo hilo la West Virginia likaufanya mmoja wa nyimbo zake rasmi.

Jioni nilimpigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekula?"

Nikamwambia nyamaza kidogo usikilize kitu, nikaweka simu karibu na spika, nikamchezea ule wa 1969 mpaka mwisho. Sikumwambia ni nani wala ni wa lini. Nilimsikia akifuata kwa mluzi, akiwahi mahali fulani, akichelewa mahali fulani, kama mtu anayeshuka ngazi gizani katika nyumba aliyodhani ni yake.

Wimbo ukaisha. Kimya.

"Anajitahidi huyo kijana," baba akasema. "Ni nani?"